Maneno ya Kiitaliano kwa mgeni anayekwenda ibadani



Huku Fizi na Baraka Kiitaliano si lugha ngeni kabisa. Wazee wetu wanawakumbuka wamisionari Wasaveriani, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Parma mwaka 1895, ambao walifika Uvira mwaka 1958. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita ya Wasimba, watatu kati yao waliuawa: Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara hapa Baraka, na Padri Giovanni Didonè kule Fizi, pamoja na Abbé Albert Joubert, mwana wa Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza misa mjini Uvira ambamo wanne hao walitangazwa wenyeheri. Sisi Waprotestanti hatuna desturi hiyo ya kutangaza wenyeheri. Hata hivyo tunajua maana ya mtu kuacha nyumba ya wazazi wake, kujifunza lugha ya watu wa mbali, na kufa katikati yao.

Watu hao walitoka Italia wakaja kwetu. Siku hizi njia inapitwa na watu wetu pia. Wapo vijana wanaokwenda kusoma, wapo wakimbizi waliofika huko baada ya miaka mingi ya kambi, wapo watumishi wanaoalikwa kwenye mikutano. Jumapili ikifika, mkristo anatafuta kanisa. Makala hii ni kwa ajili ya Jumapili hiyo.

Kwa nini tunaandika

Kijana mmoja wa kanisa letu alikwenda kusoma katika mji wa kaskazini mwa Italia. Jumapili ya kwanza aliingia katika kanisa la kiprotestanti, akaketi nyuma. Ibada ilipokwisha mchungaji akamwendea, akamnyooshea mkono, akamwuliza ametoka wapi. Kijana wetu hakuelewa. Akajibu maneno mawili aliyoyajua: "Bene, grazie", yaani "Salama, asante". Watu waliokuwa karibu wakacheka kidogo, pengine kwa upendo tu, lakini yeye aliona haya. Hakurudi kwa miezi miwili. Siku za Jumapili alibaki chumbani akisikiliza kwaya za Baraka katika simu.

Aliponiambia hivyo mzee mmoja wa kanisa, tuliketi pamoja, tukatafuta msaada wa padri mmoja wa eneo letu anayejua Kiitaliano, tukamtumia kijana sentensi tano. Alizikariri, akarudi. Kuanzia siku hiyo yeye naye anatutumia maneno mapya, na mengi ya hapa chini yametoka kwake.

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anauliza mtu asiyeelewa ataitikaje Amina. Swali hilo ni la mgeni. Tena Paulo mwenyewe alikuwa mgeni Italia. Matendo ya Mitume sura ya 28 inasema kwamba aliposhuka Puteoli, mji unaoitwa leo Pozzuoli, karibu na Napoli, alikuta ndugu, nao wakamwomba akae kwao siku saba. Alikuwa mfungwa mwenye minyororo, na bado alipata ndugu wa kumkaribisha.

Kiitaliano kinasomekaje

Habari njema kwanza: mwenye kujua Kiswahili anakitamka Kiitaliano kwa urahisi kuliko Mfaransa au Mwingereza. Irabu ni zetu, a, e, i, o, u. Maneno mengi yanaishia kwa irabu kama yetu, na mkazo mara nyingi uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema sisi. Neno likiwa na alama juu ya irabu ya mwisho, mkazo unahamia hapo: Gesù, yaani Yesu, hutamkwa "jezú".

Mambo machache ya kushika:

- c mbele ya e au i ni "ch" ya chakula: *pace* (pache), amani.
- ch ni "k": *chiesa* (kyeza), kanisa. Wengi wetu hukosea hapa.
- g mbele ya e au i ni "j": *Genesi* (jenezi), Mwanzo.
- gn ni "ny" ya nyumba: *Signore* (sinyore), Bwana.
- gli ni kama "ly": *famiglia* (familya), familia.
- sc mbele ya e au i ni "sh": *uscita* (ushita), mlango wa kutokea.
- z mara nyingi ni "ts": *grazie* (gratsye), asante.
- h haitamkwi.

Herufi ikiandikwa mara mbili, ikaze. *Nonno* ni babu, lakini *nono* ni wa tisa. Na sisi tuliozoea kubadilisha r na l tuwe waangalifu: *mare* ni bahari, *male* ni vibaya.

Aliyesoma Kifaransa shuleni amebeba nusu ya mzigo tayari, kwa sababu lugha hizi mbili zote ni watoto wa Kilatini. *Culte* ni *culto*, *pasteur* ni *pastore*, *Sainte Cène* ni *Santa Cena* (santa chena), *baptême* ni *battesimo*, *prière* ni *preghiera* (pregyera).

Kulitafuta kanisa

Ukimwuliza mtu barabarani "Dov'è la chiesa?" (dové la kyeza), yaani "Kanisa liko wapi?", atakuonyesha kanisa la Kikatoliki, kwa kuwa ndilo la wengi. Sema: Dov'è la chiesa evangelica? (dové la kyeza evanjelika). Katika Italia neno *evangelico* linatumika kwa Waprotestanti wa aina zote. Ibada ya kwetu ni *culto*. *Messa* ni ya Wakatoliki. Kiongozi wa kwetu ni *pastore*, au *pastora* kama ni mama. *Padre* au *prete* ni wa kwao.

Waprotestanti wa zamani kuliko wote huko ni Wavaldo, *Valdesi*. Chanzo chao ni Valdo, mfanyabiashara wa Lyon aliyegawa mali yake katika karne ya 12 na kuanza kuhubiri kwa lugha ya watu. Walijiunga na Matengenezo mwaka 1532 huko Chanforan, katika mabonde ya milima ya Piemonte. Ndio waliogharimia Biblia ya Kifaransa ya Olivétan ya mwaka 1535, hivyo sisi tunaosoma Biblia kwa Kifaransa tuna deni kwao. Waliteswa kwa karne nyingi, waliuawa wengi mwaka 1655, na haki zao za uraia walizipata tarehe 17 Februari 1848. Mpaka leo wanawasha mioto milimani kukumbuka siku hiyo. Jengo lao la ibada huitwa *tempio*. Tangu mwaka 1975 Wavaldo na Wamethodisti wa Italia wameshikana kwa mapatano ya muungano, na katika baadhi ya makanisa yao utakuta ndugu wengi kutoka Ghana na nchi nyingine za Afrika.

Wapo pia Wabaptisti, Walutheri na Jeshi la Wokovu. Wapentekoste ni wengi, kati yao *Assemblee di Dio in Italia*. Ndugu wa CELPA na CEPAC huenda wakajiona nyumbani zaidi kwa hawa.

Saa ni jambo la kuangalia. Uliza: A che ora comincia il culto? (a ke ora komincha il kulto), "Ibada inaanza saa ngapi?" Wakikujibu *alle dieci* (ale dyechi), wamesema kumi, lakini ni saa nne yetu ya asubuhi. Tena wanaanza kwa wakati. Ukifika nusu saa baadaye, umekosa nusu ya ibada, kwa sababu kwa Wavaldo yote huchukua kama saa moja.

Kuingia na kusalimu

- Permesso? (permeso) Hodi? Neno hili linatumika kama hodi yetu, hasa ukiingia nyumbani kwa mtu.
- Avanti, prego. Ingia, karibu. *Prego* ni neno la kazi nyingi. Linajibu pia asante. Limetoka katika kitenzi *pregare*, kuomba.
- Buongiorno. (bwonjorno) Habari za asubuhi. Jioni ni buonasera (bwonasera).
- Pace! (pache) Amani! Ni salamu ya Wapentekoste. Jibu ni hilohilo: *Pace!*
- È libero questo posto? (e libero kwesto posto) Nafasi hii haina mtu?
- Mi chiamo… (mi kyamo) Jina langu ni…
- Vengo dal Congo. Ninatoka Kongo. Ukisikia Da dove viene? au Da dove vieni?, ndilo jibu lake.
- Sono in visita. (sono in vizita) Mimi ni mgeni, nimekuja kutembelea.
- Sono evangelico. Mimi ni Mprotestanti. Mama au dada atasema *evangelica*.

Usipoelewa, sema hivyo. Si aibu.

- Non capisco. (non kapisko) Sielewi.
- Parlo poco italiano. Ninasema Kiitaliano kidogo.
- Più piano, per favore. (pyu pyano) Polepole, tafadhali.
- Parla francese? (parla franchese) Unasema Kifaransa?

Ndani ya ibada

Haya utayasikia kutoka kwa kiongozi:

- Preghiamo. (pregyamo) Tuombe.
- Alziamoci. (altsyamochi) Tusimame. Sediamoci (sedyamochi) ni tuketi.
- Cantiamo l'inno numero… (kantyamo linno numero) Tuimbe wimbo namba…
- Leggiamo. (lejyamo) Tusome.
- Colletta au offerta: matoleo.
- Benedizione (beneditsyone): baraka. Ukilisikia mwishoni, ujue mji wetu umetajwa kwa Kiitaliano.

Namba zinahitajika kwa nyimbo na sura za Biblia: *uno, due, tre, quattro, cinque* (chinkwe), *sei, sette, otto, nove, dieci*. Kwa vitabu vya Biblia, shika vichache: *Salmi* ni Zaburi, *Matteo, Marco, Luca, Giovanni* (jovanni) ni Injili nne, *Atti* ni Matendo, *Romani* ni Warumi, *Apocalisse* ni Ufunuo. Sura ni *capitolo*, mstari ni *versetto*. Ukiwa na Biblia yako ya Kiswahili utaweza kufuata somo, na hapo hata mahubiri yakikupita, Neno halikupiti. Ukipotea, mwonyeshe jirani kitabu na useme: A che pagina siamo? (a ke pajina syamo), "Tuko ukurasa gani?"

Sala ya Bwana wanaiita *Padre nostro*. Wakianza, iseme kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Mungu anasikia zote mbili, na hatua za sala ni zilezile, kwa hiyo mtafika Amina karibu pamoja. *Amen* na *alleluia* hazihitaji tafsiri.

Kuhusu Meza ya Bwana, usikisie, uliza kabla: Posso partecipare alla Santa Cena? (poso partechipare ala santa chena), "Naweza kushiriki Meza ya Bwana?" Kwa Wavaldo na Wamethodisti wageni wanaoamini huwa wanaalikwa. Makanisa mengine yana utaratibu wao. Ukijikuta katika misa ya Kikatoliki, heshimu mpango wao, baki mahali pako wakati wa komunyo, na upokee mkono wa jirani anapokupa amani.

Maneno yanayoweza kukudanganya

*Papa*: huku tunamwita kila mtu mzima Papa. Kule *il Papa* ni Baba Mtakatifu wa Roma. Baba mzazi ni *papà*, mkazo mwishoni, na ni wa nyumbani kwako tu. Mwanaume mzima mwite *signore*, mama mwite *signora*. Kanisani *fratello* ni ndugu, *sorella* ni dada.

*Signore*: ni bwana wa heshima, na ni Bwana Mungu pia, kama Bwana yetu. Katika maombi ni Mungu.

*Sala*: kwetu ni maombi, kwao ni ukumbi. Ukiona *sala* imeandikwa mlangoni, huenda ni chumba cha mikutano tu.

*Ciao* (chao): ni salamu ya marafiki na watoto. Mzee usimwanze nayo. Kama *vous* na *tu* za Kifaransa, wana *Lei* ya heshima na *tu* ya karibu. Lakini Mungu wanamwambia *tu*.

Adabu ya mgeni

Kwa Wavaldo usitegemee kwaya nne, ngoma wala vigelegele. Wanaimba kwa kinanda, wananyamaza, wanasikiliza. Ukimya huo si ubaridi wa moyo. Ndivyo walivyofundishwa kumheshimu Mungu. Usishangae pia ukimwona mama mimbarani, maana Wavaldo walikubali wachungaji wanawake tangu mwaka 1962. Kwa Wapentekoste utakuta sauti zaidi, na katika baadhi ya makanisa yao akina mama hufunika kichwa wakati wa maombi, hivyo dada abebe kitambaa.

Baada ya ibada usikimbie. Hapo ndipo watu wanafahamiana. Kama huku, mgeni anaweza kupewa nafasi ya kusema neno. Hizi ndizo sentensi za kukariri kuliko zote:

- Porto i saluti della mia chiesa. (porto i saluti dela mia kyeza) Ninaleta salamu za kanisa langu.
- Potete pregare per la mia famiglia? (potete pregare per la mia familya) Mnaweza kuombea familia yangu?
- Grazie per l'accoglienza. (gratsye per lakolyentsa) Asante kwa mapokezi.
- Dio vi benedica. (dio vi benedika) Mungu awabariki.
- Buona domenica. (bwona domenika) Jumapili njema. *Domenica* maana yake ya asili ni siku ya Bwana.

Na mgeni wa kwetu?

Kijana wetu aliporudi kanisani alisimama wakati wa matangazo, akasema ile ya kwanza: analeta salamu za kanisa lake la Baraka. Kanisa zima likanyamaza, kisha likaitika Amen. Wiki chache baadaye tukapokea barua yao ya salamu kwa Kifaransa. Tuliisoma mbele ya waamini wote, na watu wakapiga makofi.

Lazima tuseme na lililofuata. Jumapili ileile, kwenye benchi la nyuma aliketi mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani kwa sababu ya vita, na watoto wawili. Kiswahili alikijua kidogo, na lugha ya nyumbani kwake si ile inayosemwa na wengi wetu. Tulifurahia salamu zilizotoka ng'ambo ya bahari, tukafunga ibada kwa shangwe, na hakuna aliyemwuliza jina. Sisi wachungaji tulikuwa wa kwanza kumpita. Tulikuja kujua kwamba alikuwepo pale baada ya yeye kuondoka, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alipotuuliza yule mama alikuwa nani.

Katika Fizi tunasali kwa Kibembe, kwa Kifuliiru, kwa Kinyamulenge, kwa Kiswahili, na kila lugha ina majeraha yake. Tunajua ni kwa nini wengine wanaogopa kufungua kinywa kanisani. Lakini kama mkristo wa Baraka anaweza kukariri *buongiorno* kwa ajili ya safari ambayo pengine hataifanya, anaweza kukariri salamu ya jirani anayepita mbele ya mlango wake kila siku. Salamu hizo hatuziandiki hapa. Jirani yupo, nenda ukamwulize akufundishe. Kumwuliza kwenyewe kutakuwa salamu ya kwanza.

Tunaomba kila kanisa litakalosoma makala hii lifanye mambo mawili. Anayesafiri apewe sentensi hizi kwenye karatasi, pamoja na barua ya utambulisho. Na mlangoni pa kanisa awekwe mtu mmoja kila Jumapili ambaye kazi yake ni kumtafuta aliyeketi nyuma na kumwuliza, kwa lugha yoyote wanayoweza kuelewana, *Da dove viene?* Ndugu yetu, umetoka wapi?

Sisi wenyewe tumeanza. Yule mama bado hatujampata.

Bwana awabariki ninyi nyote. *Dio vi benedica.*